Mwenye Nyumba Bado Yumo Kalendani

Muuza dawa hakungoja hata salamu ziishe.

"Goti la Mwenye Nyumba vipi, mzee wangu? Nimesoma asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Kabati la jikoni tena! Nikasema, yule mama na lile kabati, mmoja wao lazima ahame."

Mzee Kalenda akacheka. Alicheka kicheko cha kweli, si cha kuazima, maana hata yeye lile kabati lilikuwa likimchekesha kila mwaka.

"Linapungua," akasema. "Uvimbe umeshuka."

"Mpelekee hii ya kuchua. Mwambie imetoka kwangu, na mwambie dawa ya goti ni kukaa kitako, si kukimbizana na masufuria."

"Nitamwambia."

Akaitia ile chupa mfukoni, akaaga, akatoka. Mwenye goti alikuwa ana miezi mitano kaburini.

Jamani, msimtupie mawe bado. Mngojee kwanza mjue kazi yake, kwa kuwa kazi ndiyo iliyomponza. Mnaijua kalenda ya kuchana: kitita cha karatasi mia tatu sitini na tano, kimebanwa juu kwa bati, kinatundikwa ukutani, na kila asubuhi mtu anaichana jana ili aione leo. Katika kalenda hii ninayoisema, chini ya kila tarehe kulikuwa na vitu vinne. Cha kwanza kiliitwa Siku Kama ya Leo, yaani jambo lililotokea zamani tarehe hiyo: siku daraja la mjini lilipofunguliwa, na kabla wakubwa hawajakata utepe mbuzi wa watu akawa ameshavuka. Cha pili Wajua, kwamba pweza ana mioyo mitatu na mengine ya kumfanya mtu ajione msomi mbele ya shemeji zake. Cha tatu Chemsha Bongo, na jibu lake hulioni mpaka uifikie karatasi ya kesho. Watu wazima na akili zao wamenuniana ndani ya nyumba kwa sababu mmoja alichungulia. Cha mwisho Ya Nyumbani, mistari mitano au sita tu, ambamo mwandishi alieleza yaliyomkuta kwake na mkewe. Mke hakumtaja kwa jina hata siku moja. Alimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu, alisema, mimi humo ndani ni mpangaji.

Kwa miaka ishirini na sita vyote vinne viliandikwa na mkono mmoja. Mzee alianza akiwa karani wa maktaba, akastaafu maktaba, kalenda haikumstaafisha. Kila jambo aliliandikia kadi yake, kadi ngumu zile za makabati ya maktaba, na alikuwa na sheria mbili ambazo hata mkewe hakuweza kuzipindisha. Sheria ya kwanza: hakuna kinachoingia katika Siku Kama ya Leo bila shahidi aliyekuwepo, awe mtu au karatasi, na shahidi aulizwe saa ngapi, wapi, nani alisema nini. Sheria ya pili: Ya Nyumbani haitungwi. Lililotokea nyumbani leo huandikwa leo, likawekewa tarehe hii hii ya mwaka ujao, kwa sababu kalenda lazima ifike kiwandani mwisho wa mwezi wa saba. Miezi iliyobaki aliijaza kutoka katika daftari la mwaka wa nyuma yake.

"Kwa hiyo mimi mwaka ujao nitaumia goti?" Mwenye Nyumba alimuuliza siku ile ile ya kabati, mguu juu ya kiti, kitambaa cha maji baridi gotini.

"Wasomaji wataona umeumia."

"Na nikiwa mzima, nichechemee sokoni kwa ajili yako?"

"Kidogo tu, mama. Usinitie aibu."

Akamrushia kile kitambaa. Na mzee akaliandika hilo pia, la kurushiwa kitambaa.

Sasa mmeelewa. Mwenye Nyumba alifariki tarehe kumi na saba mwezi wa kumi, kalenda ya mwaka uliofuata ikiwa inamaliziwa kuchapwa. Januari ikaingia, na kila ukuta ukaanza kumhesabu mama yule akiwa hai: leo kapoteza miwani huku kaivaa, kesho kagombana na redio. Mtaani kwake watu walijua, wao ndio waliozika. Ndiyo maana mzee siku hizi alinunua mkate, dawa na hata kiberiti mtaa wa tatu, kule ambako walimjua kwa kalenda tu. Kule alisalimiwa, akaulizwa habari za mkewe, akajibu. Alizoea, na kusema kweli alikuwa akienda kwa ajili hiyo. Mkate ulikuwa kisingizio.

Taabu ilikuwa kalenda ya mwaka mwingine. Januari ile ile alikaa mezani na kadi nyeupe, akajiuliza swali lake la kila jioni: nyumbani leo kumetokea nini? Hakukutokea kitu. Aliamka, akachana karatasi, akanywa chai amesimama, akaosha kikombe kimoja. Mzee akaikodolea macho ile kadi mpaka wino ukakauka kwenye ncha ya kalamu. Kisha akaandika, "Mwenye Nyumba leo kasema," na mkono ukaendelea wenyewe.

Hiyo ndiyo siku alipoivunja sheria ya pili. Alijiambia ni kadi moja tu, ya kumalizia machungu. Loo! Kufika mwezi wa tatu Mwenye Nyumba alikuwa anasema kila siku, tena anasema vizuri kuliko alivyowahi kusema. Hagombi. Hanuni. Anamsifu mzee kwa kukumbuka kufunga dirisha. Mwenye Nyumba asiye na kisirani! Angejisoma mwenyewe angeshika mbavu kwa kucheka, halafu angemnunia mzee siku mbili. Mzee aliliona hilo. Aliona mama wa kwenye kadi anaanza kuongea kama yeye mwenyewe mzee, kwa maneno yake na mizaha yake, lakini hakuacha, kwa sababu siku ambayo hakuandika nyumba ilikuwa kimya mno.

Mwezi wa sita akaja Bwana Wino. Huyu ndiye mwenye kiwanda cha kuchapa, na hana shati lisilo na doa jeusi mfukoni. Alikaa, akakataa chai, akaizunguka habari kama paka na maji.

"Mzee, mimi mazishini nilikuwepo. Jeneza nililibeba."

"Najua. Nakushukuru."

"Basi usinielewe vibaya. Nataka kujua tu, kalenda ijayo, yule mama... yumo?"

Mzee akazipanga sawa kadi zilizokuwa mezani.

"Maana wasomaji wanampenda. Barua zote zinazokuja ni zake. Wewe unaambiwa kosa la pweza, yeye anaombewa afya. Muache aendelee, mzee wangu. Inamdhuru nani? Vikaragosi vya magazetini havizeeki na havifi."

Hilo neno la vikaragosi lilimchoma mzee kifuani, na siku nyingine angemwonyesha mtu mlango. Lakini alikuwa mtu anayetaka kuruhusiwa, na aliyekuja kumruhusu ndiye huyu.

"Yumo," akasema.

"Afadhali! Basi mwisho wa mwezi wa saba, kama kawaida."

Hapo ikabaki kikwazo kimoja tu, nacho kilikuwa binti yake.

Binti tutamwita Mama Pacha, kama mtaa mzima unavyomwita. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, vidole vyake vinakimbia kuliko maneno ya mwenye kusema, na kila Jumamosi asubuhi aliwaacha pacha kwa jirani akaja kwa baba yake kuzichapa kadi kwenye kompyuta. Ilikuwa hivyo tangu yuko shule. Mwaka huu alipoikuta kadi ya kwanza yenye "Mwenye Nyumba leo kasema" aliinua macho.

"Baba, hizi za lini?"

"Za zamani. Zilibaki, hazikupata nafasi."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Huyu ni baba aliyewahi kumrudisha maktaba mara tatu, binti akiwa na miaka kumi na mbili, kwa sababu hakuwa na uhakika kama moto wa soko ulianza saa mbili au saa tatu. Basi akawa anachapa, na mara nyingine anatabasamu peke yake, na Jumamosi zikawa siku zake nzuri. Mama anazungumza, yeye anachapa. Mzee alimwona akitabasamu, na moyo ukamuuma. Lakini akaendelea kumpa kadi.

Yapo mambo mawili ambayo hayakuwahi kusemwa katika nyumba ile, na lazima niyaseme mimi, maana wao walikuwa wameyakalia.

La kwanza la binti. Mwezi wa saba wa mwaka ule wa msiba, Mama Pacha alimwacha mumewe. Alichukua watoto na masanduku mawili, akapanga chumba. Mama yake hakumpigia kelele; afadhali angepiga. Alinyamaza. Alinyamaza zaidi ya miezi miwili, akipokea simu anaipitisha kwa mzee bila neno. Walirudi kuongea hospitalini tu, na hapo waliongea habari za mito na maji ya kunywa. Jambo lenyewe hawakuligusa, na mama akaondoka nalo.

La pili la mzee, nalo ndilo lililomfanya tangu msiba asimwangalie binti yake usoni zaidi ya kupepesa jicho mara mbili. Tarehe kumi na saba, siku ya nane tangu Mwenye Nyumba apasuliwe tumbo, mzee alikaa naye hospitalini mpaka saa nne asubuhi. Halafu akaenda kiwandani, kwa sababu karatasi za mwisho za kalenda zilikuwa juu ya mashine na yeye hajawahi kuiacha kalenda itoke bila kuitazama. Akakuta kosa. Chemsha Bongo ya tarehe tatu mwezi wa tano iliuliza: saa ya ukutani inayogonga idadi ya saa, hugonga mara ngapi kutwa kucha? Na tarehe nne hapakuwa na jibu. Bwana Wino akasema nani atakumbuka, mzee akasema nitakumbuka mimi. Mashine ikasimamishwa, bamba la kuchapia likatengenezwa upya. Saa tisa na nusu simu ikalia, Mama Pacha.

"Baba, njoo. Daktari anasema uje sasa hivi."

"Niko njiani," akasema mzee, akiwa amesimama nyuma ya marobota ya karatasi, kiganja kakizungushia simu. Na dakika hiyo hiyo mashine ikaanza kuzunguka.

Kutoka kiwandani mpaka hospitali ni dakika ishirini kwa miguu. Mzee alingoja karatasi itoke. Aliishika ikiwa bado ina joto, akaona jibu limekaa mahali pake, mia moja hamsini na sita, ndipo akavaa koti. Alifika saa kumi na nusu. Shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka usoni.

"Foleni," alimwambia binti yake. "Foleni ilikuwa mbaya."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Hii ya mzee iliendelea miezi tisa. Hakuuliza mkewe alikwenda vipi. Binti alijaribu kumweleza siku ya pili ya msiba, akasema, "Si sasa, mwanangu." Akajaribu tena baada ya siku arobaini, mzee akakumbuka kitu jikoni. Baada ya hapo hakujaribu.

Sasa turudi kwenye Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Zilibaki kadi za mwezi wa tano, mzee alizichelewesha makusudi, na kwa wasiwasi alikuwa anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Vidole vya Mama Pacha vilikuwa vinakimbia. Vikasimama.

Mzee akageuka, akamkuta binti kaishika kadi kwa mikono miwili, machozi yanamdondoka kwenye magoti, na anacheka.

"Baba," akasema. "Baba, alisema haya?"

Kadi ilikuwa ya tarehe kumi na moja. Iliandikwa: Mwenye Nyumba leo kasema binti yetu alifanya vema kuondoka. Kasema, mimi ndiye niliyekosea kumnyamazia, na sijui nianzie wapi kumwambia.

"Alisema," akajibu mzee.

"Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima, baba! Mimi nalala nayo, naamka nayo, najiambia mama alikufa ananichukia. Alisema lini? Mlikuwa wapi? Alikuwa amekaa, au alikuwa jikoni? Niambie vizuri."

Saa ngapi, wapi, nani alisema nini. Maswali aliyomfundisha mwenyewe. Mzee alimwona binti yake amefunguka uso kama hajawahi kumwona tangu utotoni, na Mungu amsamehe, akaona raha. Akasema uongo wa mwisho, na kwa haraka akausema vibaya.

"Hapo hapo kwenye kiti chake. Tarehe hiyo hiyo ya kadi. Mwezi wa tano, mwaka jana."

Mama Pacha alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo.

"Mwezi wa tano mwaka jana nilikuwa bado kwa mume wangu," akasema.

Mtu aliyekula mkate wa tarehe miaka ishirini na sita! Mtu aliyejua mwezi, siku na saa ya kila daraja na kila moto! Alisimama pale ameshika kitabu, hana hata tarehe moja ya kujitetea.

"Niliondoka mwezi wa saba, baba. Hakuna aliyejua kama nitaondoka, hata mimi sikujua. Mama alisemaje nimefanya vema?"

"Labda nimechanganya mwezi."

"Wewe?"

Akaweka kadi mezani. Akaziangalia zile nyingine, akaanza kuzipekua upesi upesi, Januari, Februari, Machi, na mzee akaona anavyoelewa, kadi baada ya kadi.

"Zote," akasema binti. "Zote umezitunga. La dirisha. La mvua. Nimekuwa nikija hapa kila wiki kumsikiliza mama, kumbe nakusikiliza wewe."

"Nilitaka ufarijike, mwanangu."

"Usinipe maneno ya mama ambayo mama hakuyasema! Bora ningebaki na kimya chake. Kile kilikuwa chake." Alisimama, akachukua mkoba, akauvaa begani. "Sichapi. Mtafute mwingine. Bwana Wino atakupa mtu. Na mwaka kesho mtunge tena, mumzeeshe, mumfanye awe bibi kizee mwema, wasomaji wafurahi."

"Keti, Mama Pacha."

"Mimi nilikuwa mle chumbani!" akapiga kelele. "Mimi nilikuwepo! Umewahi kuniuliza? Kwa moto wa soko ulinituma mara tatu. Habari za mama yangu hukuniuliza hata mara moja."

Mzee akakaa yeye. Akasikia binti anavyohema mlangoni, hatoki wala harudi. Halafu akavuta droo, akatoa kadi nyeupe. Juu akaandika tarehe kumi na saba, mwezi wa kumi. Chini yake akaandika Siku Kama ya Leo. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtazama binti yake machoni.

"Nakuuliza," akasema. "Nieleze. Usinionee huruma."

Mama Pacha akarudi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Asubuhi baada ya wewe kuondoka alilala," alianza. "Saa saba akaamka, akalalamika viatu vya muuguzi vinapiga kelele. Nikamlowesha midomo kwa pamba. Akaniuliza kama pacha wamekula. Nikasema wamekula. Akasema, wape mboga, usiwape wanga mtupu."

"Kuhusu wewe?"

"Hakusema. Nilingoja. Alinishika hapa," akagusa kifundo cha mkono, "akaniuliza kama wamekula. Hicho ndicho nilichopewa."

Mzee akaandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Saa tisa daktari akaja, akaniita pembeni. Saa tisa na nusu nikakupigia."

Kalamu ikasimama.

"Ukasema uko njiani," akasema binti.

"Sikuwa njiani."

Lilitoka hivyo, kavu, baada ya miezi tisa. Mzee alidhani dunia itatikisika. Nje mtu alikuwa anafagia, akaendelea kufagia.

"Najua," akasema Mama Pacha. "Nilisikia mashine."

"Niliziba kwa mkono."

"Uliziba. Ile mashine haizibiki kwa mkono, baba. Nimekulia mle kiwandani, naijua."

"Na siku zote hizi hukusema?"

"Ningesema lini? Kila nikianza unakumbuka kitu jikoni."

Mzee alizungusha kalamu vidoleni. Lilikuwepo swali jingine, na alilijua, na alikuwa amelikimbia mpaka mtaa wa tatu na ndani ya kalenda nzima. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Yeye je? Ulimwambiaje?"

"Sikumwambia. Simu niliiweka sauti ya juu, karibu na sikio lake. Nilitaka akusikie. Nilidhani utamsemesha."

"Alisikia mashine."

"Alisikia."

"Akasema nini?"

Mama Pacha angeweza kumpa kitu. Neno moja tu, mwache mzee na kazi yake, ndivyo alivyo, mwambie nampenda. Kuna nani wa kumpinga? Alimtazama baba yake, nywele zilivyokwisha, kola ya shati ilivyogeuzwa vibaya, na alimhurumia. Lakini alikuwa ameulizwa.

"Hakusema kitu," akajibu. "Alitazama simu. Halafu akaniashiria nimgeuze, aelekee ukutani. Nikamgeuza. Akakaa hivyo mpaka saa kumi na dakika kumi."

Mzee alilia basi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono juu ya meza, kama wanavyolia watoto ambao hawajajifunza kuficha. Binti hakumkumbatia, wala hakumwambia nyamaza. Alikaa naye tu. Machozi yalipopungua mzee akajifuta kwa mkono wa shati, akaivuta kadi, akaandika hadi mwisho bila kufuta neno. Akampa.

Mama Pacha akasoma. Siku Kama ya Leo, saa kumi na dakika kumi alasiri, alifariki Mwenye Nyumba, mke wa mwandishi wa kalenda hii. Saa tisa na nusu mwandishi aliitwa, akasema yuko njiani. Hakuwa njiani, na mkewe alijua.

"Hii itakuwa kwenye kuta za watu," akasema.

"Ndiyo."

"Muuza dawa ataisoma. Wote kule wataisoma."

"Muuza dawa nitamwambia mwenyewe Jumatatu. Sitamngojesha mpaka tarehe ifike." Akakusanya kadi zote za Ya Nyumbani, rundo zima, akaziweka chini sakafuni upande wake, mbali na kompyuta. "Hizo usichape, na ulizokwisha kuchapa zifute. Pabaki wazi. Bwana Wino akigomba agombe na mimi."

Mama Pacha aliutua mkoba. Akasogeza kiti, akaisimamisha kadi mbele ya kioo cha kompyuta, akaanza. Hakukimbia kama kawaida yake; alipiga herufi moja moja, na mzee nyuma yake alizihesabu kwa masikio. Lilipofika neno la mwisho alitaka sana amwambie subiri, pengine tupunguze, pengine sentensi ile ya mwisho si lazima. Alishika ukingo wa meza, akanyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba," akasema binti, na akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, apewe kadi nyingine.